Ting: Kutoka Baraza hadi Kitu

Neno la Kiingereza thing na lile la Kijerumani Ding hutumika leo kwa karibu kila kilichopo duniani: kijiko, wazo, tatizo, hata kile ambacho msemaji amekisahau jina. Waholanzi husema ding. Waswidi, Wanorwei na Wadenmark husema ting. Watu wa Iceland huandika þing, na herufi hiyo ya kwanza husomwa kama th ya "thamani". Maneno haya yote ni ndugu wa tumbo moja. Mama yao ni lugha iliyosemwa kaskazini mwa Ulaya karne kadhaa kabla ya Kristo. Lugha hiyo haikuacha vitabu, na wanaisimu wameijenga upya kwa kuwalinganisha watoto wake. Lakini maana ya kale ya neno hilo si kitu. Ni baraza: mkutano wa watu huru uliotunga sheria, ukaamua kesi na kuwapatanisha wagomvi. Kaskazini maana hiyo haijafa. Bunge la Norwei huitwa Storting, yaani baraza kuu. La Denmark ni Folketing, baraza la watu. La Iceland ni Alþingi, baraza la wote.

Nyuma ya baraza huenda kulikuwa na maana nyingine iliyotangulia. Wagothi ndio watu wa kwanza wa jamii hii ya lugha kuacha maandishi marefu, kwa kuwa askofu wao Wulfila aliwatafsiria Biblia katika karne ya 4. Katika tafsiri hiyo neno þeihs lina maana ya wakati au majira, na wanaisimu wengi huliona kuwa la ukoo mmoja na þing. Wengine hurudi nyuma zaidi, hadi mzizi wa kale uliomaanisha kunyoosha, ambao pia ulizaa tendere ya Kilatini. Kwa maelezo haya, þing ilikuwa kwanza kipande cha wakati kilichotengwa, miadi, kisha ikawa kile kilichofanyika miadi ilipofika. Yote haya ni makisio ya kitaalamu, ila yanakubaliana na desturi zenyewe, kwa sababu baraza la watu waliotawanyika mashambani na misituni lingewezekana tu ikiwa kila mmoja alijua siku.

Siku hiyo ilihesabiwa kwa mwezi. Mwandishi wa Kirumi Tacitus, katika kitabu chake Germania cha mwaka 98, anasimulia kwamba makabila ya Kigermaniki yalikutana mwezi mwandamo au mwezi mpevu, na kwamba yalihesabu usiku badala ya mchana. Tacitus hakulitaja neno lenyewe, maana aliandika Kilatini kwa Warumi, lakini anachokieleza ndicho kikao hicho. Analalamika kidogo, kwa kiburi cha mtu wa dola, kuwa uhuru wao ulikuwa na kasoro moja: hawakufika kwa pamoja kama watu walioamriwa, na siku mbili au tatu zilipotea katika kungojana. Walipoona wametosha waliketi na silaha zao. Makuhani waliamuru watu wanyamaze. Mfalme au mkuu alisikilizwa kwa umri wake, nasaba yake, sifa zake za vita na ufasaha wake, akishawishi zaidi kuliko kuamuru. Neno lisipowapendeza walinguruma. Likiwapendeza waligonganisha mikuki.

Baraza hilo lilikuwa pia mahakama. Wasaliti walinyongwa mitini. Waoga walizamishwa katika tope la bwawa na kufunikwa kwa chanja. Makosa madogo yalilipiwa farasi na ng'ombe, sehemu ikienda kwa mfalme au jamii, sehemu kwa aliyekosewa au jamaa zake. Yapo mashaka kuhusu Tacitus, ambaye alitaka kuwaaibisha Warumi wenzake kwa mfano wa washenzi wenye heshima. Hata hivyo mengi aliyoyaandika yanaonekana tena karne nyingi baadaye katika sheria za kaskazini, hata ule mlio wa silaha: Wanorwei waliuita vápnatak, kushika silaha, na katika sehemu za Uingereza zilizokaliwa na Wadenmark neno hilo likageuka wapentake, jina la wilaya.

Ushahidi wa kale wa neno lenyewe umechongwa kwenye jiwe, tena mbali na kwao. Katika ngome ya Housesteads, kwenye ukuta aliouamuru mfalme Hadrian kaskazini mwa Uingereza, ilifukuliwa mwaka 1883 madhabahu iliyowekwa na askari wa Kigermaniki waliotumikia jeshi la Roma. Hao walijitambulisha kuwa wenyeji wa Twente, eneo lililo leo mashariki mwa Uholanzi, na maandishi hayo ni ya zama za Severus Alexander, aliyetawala kuanzia 222 hadi 235. Mungu wao waliyempa heshima ni Mars Thincsus. Mars ni jina la Kirumi la mungu wa vita. Thincsus ni sifa iliyoongezwa na askari hao, na maana yake ni "wa þing". Kwa hiyo mungu mmoja alilinda vita na kikao cha sheria pia. Siku ya Mars ya Warumi, ambayo ni Jumanne, Wajerumani huiita Dienstag na Waholanzi dinsdag, na wataalamu wengi huliona jina hilo kuwa la Mars huyuhuyu wa mabaraza.

Neno lilivyoanza kuhama linaonekana vizuri kwa Walombardi, kabila la Kigermaniki lililoiteka sehemu kubwa ya Italia. Mfalme wao Rothari alipotangaza sheria zao mwaka 643, kwa Kilatini, aliacha ndani yake maneno kadhaa ya kwao. Mojawapo ni gairethinx, yaani þing ya mikuki, desturi ambayo kwayo sheria ilithibitishwa mbele ya mashujaa wenye silaha. Lakini katika vifungu vingine thinx ni tendo la kisheria lililofanywa hadharani, hasa kumpa mtu mali au urithi. Hapo neno limekwisha kutoka kwenye kikao na kuingia katika shughuli iliyofanywa kikaoni. Kutoka shughuli hadi suala linalozungumzwa ni hatua fupi, na kutoka suala hadi jambo lolote ni fupi zaidi. Mwisho wake ni kitu kinachoshikika mkononi, ambacho hakina mdai wala mdaiwa.

Si þing peke yake iliyopita njia hiyo. Causa ya Kilatini, iliyokuwa kesi na sababu, ndiyo iliyozaa cosa ya Kiitaliano na Kihispania na chose ya Kifaransa, ambazo leo ni "kitu" tu. Sache ya Kijerumani, ambayo nayo ni kitu au jambo, ilikuwa zamani ugomvi unaopelekwa mbele ya waamuzi. Na msomaji wa Kiswahili ana mfano nyumbani kwake. Shauri, neno lenye asili ya Kiarabu, ni nasaha na mazungumzo ya kutafuta uamuzi; ni kesi iliyofunguliwa mahakamani; tena ni jambo lolote linalomhusu mtu, ndiyo maana asiyetaka kuonywa huambiwa "shauri lako". Maofisa wa Kijerumani waliotawala Afrika Mashariki kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia waliliandika Schauri, wakaliita hivyo baraza ambamo mkuu wa wilaya alisikiliza kesi za wenyeji. Kuna kichekesho hapo: wenye Ding, ambao kwao lilikuwa limekwisha kuwa kitu tu, walijikuta wakihitaji neno la Waswahili kwa maana ileile ambayo lao lilikuwa limeipoteza.

Kuipoteza kwenyewe hakukutokea siku moja. Nchini Uingereza maana ya kikao bado ipo katika sheria za Hlothhere na Eadric, wafalme wa Kent wa karne ya 7, zinazotaja mtu anayekutana na mshtakiwa wake kwenye þing. Baadaye Waingereza walipendelea gemot kwa mkutano, nayo þing ikabaki na jambo, sababu na kitu. Wanormandi walipoishinda nchi mwaka 1066 walileta Kifaransa, na baraza kuu likaja kuitwa parliament, kutokana na kitenzi cha kusema.

Katika nchi za Wafranki sababu ilikuwa ya kiutawala. Mfalme wao Charlemagne aliona kuwaita wakulima mara kwa mara kwenye mabaraza kunawachosha na kuwapa wakubwa nafasi ya kuwatoza faini kwa kutohudhuria. Akapunguza mikutano ya lazima hadi mitatu kwa mwaka, na uamuzi wa kesi ukawekwa mikononi mwa wazee maalumu wa mahakama. Umati ukawa mtazamaji. Ujerumani iliendelea kuziita mahakama za vijijini Ding kwa karne nyingi, lakini ilikuwa mahakama ya bwana fulani na si kikao cha wote. Mabaki ya zama hizo yamejificha katika maneno ya kila siku: kitenzi verteidigen, "kutetea", kimetokana na tagedinc, siku ya kesi; na Mholanzi anayekwenda kwa hakimu kuomba amri ya haraka bado hufungua kort geding.

Kaskazini zaidi, ambako wafalme walichelewa kupata nguvu, ting ilibaki na umbo lake. Kila eneo lilikuwa na uwanja wake wa kukutania, na wakuu walijivunia kuuanzisha. Huko Vallentuna, karibu na Stockholm, tajiri wa karne ya 11 aitwaye Jarlabanki alichonga kwenye jiwe kwamba ndiye aliyetengeneza uwanja huu wa ting na kwamba alimiliki wilaya nzima peke yake. Majivuno hayo yanasema mengi. Baraza la watu huru halikuwa baraza la watu sawa; watumwa hawakuhesabiwa, wanawake hawakukaa miongoni mwa waamuzi, na mwenye ardhi na wafuasi wengi alisikika kuliko wengine.

Kikao chenyewe kililindwa na amani takatifu. Katika magharibi ya Norwei kulikuwa na Gulating, iliyokutana Gulen, na utendaji wake umesimuliwa katika hadithi ya Egil, mshairi na mgomvi mkubwa wa Iceland. Fito za mti wa heizeli zilisimikwa uwanjani kwa duara, zikazungushiwa kamba zilizoitwa vébönd, kamba takatifu, na ndani yake wakaketi waamuzi 36, 12 kutoka kila wilaya kati ya tatu. Egil alikuwa akidai urithi wa mkewe. Alipoelekea kushinda, watu wa malkia Gunnhild walizikata kamba, na mahakama ikavunjika. Hadithi hiyo iliandikwa karne ya 13, yapata miaka mia tatu baada ya tukio, na si lazima kila neno lake liaminiwe. Inaonyesha hata hivyo ni nini kilichotenganisha hukumu na vita.

Kutoka Gulating sheria zilivuka bahari. Wanorwei walianza kuhamia Iceland mnamo 870, na vizazi viwili baadaye wakaona hawawezi kuishi bila sheria moja. Kwa mujibu wa Ari Þorgilsson, kasisi na mwanahistoria wa mwanzoni mwa karne ya 12, mtu aitwaye Úlfljótr alipelekwa Norwei kujifunza, akarudi na sheria zilizofuata kwa sehemu kubwa zile za Gulating. Ndugu yake wa kunyonya, Grímr, alizunguka kisiwa kizima kutafuta mahali. Kiwanja kilipatikana kwa njia ya kisheria hasa: mwenye ardhi alikuwa amehukumiwa kwa kuua mtumwa, na ardhi yake ikawa ya umma, kuni na malisho yakiwa ya wote watakaofika kikaoni. Huo ndio mwanzo wa Alþingi, mnamo mwaka 930.

Mahali hapo huitwa Þingvellir, nyanda za þing. Ni bonde la ufa ambamo mabamba mawili ya ganda la dunia, la Amerika Kaskazini na la Ulaya na Asia, yanaachana polepole, na ukuta wake wa mawe ya volkano huirudisha sauti ya msemaji. Kila Juni, kwa muda wa wiki mbili hivi, watu walisafiri kwa farasi hadi hapo, wengine kwa zaidi ya siku kumi, wakajenga vibanda vya mawe na udongo na kuvifunika kwa vitambaa. Palikuwa baraza, mahakama, soko na mahali pa kuposana. Kura katika lögrétta, chombo cha kutunga sheria, zilikuwa za wakuu walioitwa goðar, ambao mwanzoni walikuwa 36; baadaye wapiga kura walifika 48, na kila mmoja aliketi na washauri wawili.

Kiongozi wa yote alikuwa msemasheria, lögsögumaður. Hakuwa mfalme wala rais. Alichaguliwa kwa miaka mitatu, na kazi yake ilikuwa kusimama kwenye Lögberg, mwamba wa sheria, na kuitamka theluthi moja ya sheria za nchi kwa kichwa kila mwaka, hadi zote zikaisha katika kipindi chake. Kilichosahauliwa, na asitokee mtu wa kukikumbusha, kingeweza kupotea. Sheria zilianza kuandikwa katika majira ya baridi ya 1117 na 1118 tu.

Nguvu ya kikao ilipimwa mwaka 1000 hivi, pale Wakristo na wafuasi wa dini ya jadi walipokuja Þingvellir wakiwa tayari kutengana na kuwa na sheria mbili. Pande zote zilimwachia uamuzi msemasheria Þorgeir, ambaye mwenyewe hakuwa Mkristo. Ari anasimulia kuwa Þorgeir alijifunika joho lake akalala mchana kutwa na usiku uliofuata bila kusema neno. Asubuhi alipanda mwambani, akasema kwamba wakivunja sheria vipande viwili watavunja na amani, kisha akatangaza watu wote wabatizwe. Aliacha mianya kadhaa: nyama ya farasi ingeendelea kuliwa, watoto wachanga wangeweza kutupwa kama zamani, na tambiko la siri halikuadhibiwa maadamu hapakuwa na shahidi. Ruhusa hizo zilifutwa miaka michache baadaye.

Udhaifu wa Alþingi ulikuwa mmoja, tena mkubwa. Hapakuwa na polisi, gereza wala mfalme wa kutekeleza hukumu. Mshindi wa kesi aliachiwa kuitekeleza mwenyewe kwa nguvu ya jamaa na rafiki zake. Adhabu kali ilikuwa kufukuzwa katika ulinzi wa sheria: aliyehukumiwa kikamilifu aliweza kuuawa na yeyote bila fidia, na wa daraja la chini alihamishwa nchini kwa miaka mitatu. Erik Mwekundu, aliyepewa adhabu hiyo ya pili na baraza la wilaya mnamo 982, aliutumia uhamisho wake kuichunguza Greenland. Katika karne ya 13 koo chache zilikusanya mamlaka yote na kupigana bila kujali kikao, na kati ya 1262 na 1264 watu wa Iceland wakamkubali mfalme wa Norwei.

Wasafiri wa kaskazini walilipanda neno lao kila walipokaa. Þingvöllr, umoja wa Þingvellir, iligeuka Tingwall katika visiwa vya Shetland, Dingwall huko Uskoti, Thingwall karibu na Liverpool, na Tynwald katika kisiwa cha Man. Hilo la mwisho bado ni bunge. Kila mwaka, kwa kawaida tarehe 5 Julai, sheria mpya za Man husomwa kwa muhtasari, kwa Kiingereza na Kimanx, kwenye kilima cha ngazi nne kilichotengenezwa kwa mikono. Wenyeji hujisifu kuwa bunge lao ndilo limedumu muda mrefu zaidi duniani bila kukatika. Watu wa Iceland hujibu kuwa lao lilizaliwa mapema, jambo lisilobishika, ingawa lililala kwa miaka zaidi ya arobaini. Uingereza yenyewe iliazima húsþing, baraza la nyumbani la mkubwa na watu wake. Kwanza lilikuwa jina la mahakama ya London. Kisha likawa jukwaa ambapo wagombea ubunge walitajwa hadharani hadi sheria ya kura ya siri ya 1872, na hustings leo ni mikutano ya kampeni.

Kwao kaskazini, wafalme walizimeza ting moja moja. Magnus wa Norwei aliunganisha sheria za mabaraza ya mikoa kuwa sheria moja ya nchi mwaka 1274, nayo mabaraza yakabaki mahakama. Alþingi iliendelea kama mahakama chini ya Norwei, kisha chini ya Denmark, ikafutwa mwaka 1800.

Karne ya 19 ilililetea neno uhai wa pili. Wanorwei walipoandika katiba huko Eidsvoll mwaka 1814 waliita bunge lao Storting, na sehemu zake mbili Odelsting na Lagting; mgawanyo huo uliondolewa mwaka 2009. Alþingi ilirudishwa kwa amri ya 1843 na kukutana Reykjavík miaka miwili baadaye. Denmark ilichagua Folketing na Landsting mwaka 1849, na hiyo ya pili ikafutwa mwaka 1953. Tarehe 17 Juni 1944 watu wa Iceland walirudi Þingvellir kutangaza jamhuri.

Ufufuo mmoja ulikuwa wa aibu. Wanazi wa Ujerumani, waliopenda kila lililonuka ukale wa kabila, walianzisha kuanzia 1933 maigizo ya umati yaliyoitwa Thingspiele na kuyajengea viwanja vya wazi mlimani na msituni. Kile cha Heidelberg kilizinduliwa na Goebbels, waziri wao wa propaganda, mwaka 1935. Watu waliitwa huko kutazama na kuitikia, kinyume kabisa cha wale wa Tacitus waliokuwa na haki ya kunguruma. Mpango huo ulififia ndani ya miaka michache.

Leo Mswidi mwenye kesi huanzia tingsrätt, mahakama ya wilaya, na Mnorwei wa magharibi hukata rufaa katika mahakama ambayo bado inaitwa Gulating. Visiwa vya Åland vya Finland vinatawaliwa na Lagting, na visiwa vya Faroe na Løgting yao. Katika Kidenmark na Kinorwei maana zote mbili zimo katika neno lilelile, na sarufi ndiyo inayozitenga: en ting ni kitu, et ting ni baraza.